Mmoja ameanza kutapika: namna ya kuuzuia ugonjwa usipite nyumba nzima

SWALI: Mwanangu wa miaka sita alianza kutapika na kuhara Jumapili usiku. Jumanne asubuhi akafuata dada yake, Jumanne usiku nikafuata mimi, na Alhamisi asubuhi ikawa zamu ya mama mkwe wangu mwenye miaka 71, ambaye ndiye aliyetaabika kuliko sote. Aliyesalimika ni mume wangu peke yake. Tulipiga deki kwa sabuni yenye harufu kali, tukaweka kitakasa mikono mlangoni na kila mtu akakitumia. Hata vyakula vyote vya kwenye friji nilivimwaga. Tulikosea wapi, na siku nyingine nifanye nini ili ugonjwa uishie kwa mmoja?

JIBU: Pole sana mama, na umfikishie mama mkwe pole zetu. Kwa umri wake, siku mbili za kutapika ni mzigo mzito.

Tuanze na ratiba uliyoiandika, maana inasema mengi kuliko dalili zenyewe. Kama chanzo kingekuwa sufuria moja ya chakula, walaji wangeanguka pamoja au kwa kupishana saa chache. Sumu inayoachwa na bakteria wa stafilokoka kwenye chakula kilicholala nje, kwa mfano, humtapisha mtu kati ya nusu saa na saa 8 baada ya kula. Nyinyi mmefuatana kwa hatua: binti saa kama 34 baada ya mdogo wake, wewe baada ya siku mbili kamili, na bibi siku moja na nusu baada yako. Mwendo huo ni wa virusi vya noro, ambavyo huchukua saa 12 hadi 48 tangu vimwingie mtu hadi aanze kutapika, kisha humwachia ndani ya siku 1 hadi 3. Bila kipimo cha kinyesi hakuna anayeweza kuapa, lakini hata kama ni kijidudu kingine, ugonjwa wenu ulipita kutoka mtu hadi mtu. Chakula cha kwenye friji ulikionea bure, isipokuwa kile kinacholiwa bila kupashwa moto na kilichokuwa kimeguswa na mgonjwa.

Sasa mtazame bibi. Alipoanza kutapika Alhamisi, mtoto wa kwanza huenda alikuwa tayari anakimbia uani. Kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa kwamba bibi hakuupata kwenye tapishi la Jumapili, bali kwa mtu aliyemfuata, au kwa mtoto yule yule aliyekwisha "kupona". Nyumba nyingi huvuja sehemu mbili hizi: saa ya kwanza baada ya tapishi la kwanza, na siku mbili baada ya mgonjwa kuonekana mzima. Juhudi zote huishia katikati, wakati mgonjwa amelala na kila mtu ana hofu. Hofu ikiisha, mikono nayo hulegea.

Kitakasa mikono ni kizuri kwa mafua, ila kwa ugonjwa huu hakikupi kinga ya kutegemea. Spiriti huua virusi vingi kwa kuvunja utando wa mafuta uliovifunika. Virusi vya noro havina utando huo. Vimejifungia ndani ya ganda la protini, na spiriti huviacha vingi vikiwa hai. Sabuni nayo haiviui. Kazi ya sabuni ni kuvibandua kwenye ngozi, na kazi ya maji yanayotiririka ni kuvichukua na kwenda navyo. Ndiyo maana muda wa kusugua na maji yanayotiririka vina uzito kuliko jina la sabuni. Mche wa kawaida unatosha. Ile iliyoandikwa kwamba inaua vijidudu haina la ziada hapa.

Kunawa kwenyewe ni sekunde 20 za kusugua, nje ya muda wa kulowesha na kusuuza. Viganja ndivyo husafishwa na kila mtu. Panaposahaulika ni ncha za vidole, chini ya kucha, kidole gumba na penye pete. Sugua ncha za vidole vya mkono mmoja kwenye kiganja cha mwingine, kisha badilisha. Kucha zikatwe fupi, na pete ivuliwe hadi ugonjwa upite. Kama hakuna bomba, mtu mmoja amimine maji kwa jagi huku mwingine akinawa, au mtumie ndoo yenye koki. Beseni moja ambalo watu watatu wanachovya mikono kwa zamu ni kugawana uchafu, si kunawa. Kisha kausha mikono vizuri, kwa kuwa mkono mbichi huacha na kuokota vijidudu kwa urahisi kuliko mkavu. Taulo moja linaloning'inia chooni kwa nyumba nzima liondolewe siku hiyo hiyo; kila mtu awe na lake, au tumieni karatasi za kutupa.

Kwa nini ukali wote huu? Kwa sababu ya hesabu. Chembe chache sana za virusi hivi, zinazokadiriwa kuwa chini ya 100, zinaweza kumlaza mtu mzima, ilhali gramu moja ya kinyesi cha mgonjwa inaweza kubeba mabilioni. Kwa hiyo "kidogo tu kimebaki" ni kingi mno. Na matapishi hayaishii pale yanapoonekana. Desemba 1998, mgeni mmoja alitapika mezani kwenye mkahawa wa hoteli nchini Uingereza. Wachunguzi walipouliza nani aliugua, waliona ugonjwa umefuata umbali: kwenye meza yake waliugua zaidi ya 9 kati ya 10, meza ya jirani kama 7 kati ya 10, na hata meza ya mbali kuliko zote iliangusha robo ya waliokaa hapo. Mtu anapotapika kwa nguvu, matone madogo yasiyoonekana huruka, hutua kwenye meza, vijiko na nguo, mengine huvutwa mdomoni na kumezwa.

Turudi basi Jumapili usiku, dakika ile mtoto anapotapika sakafuni.

Kabla ya kugusa chochote, ondoa watu. Watoto wengine na bibi waende chumba kingine, madirisha yafunguliwe, na feni izimwe ili isitawanye. Chakula kilichokuwa wazi karibu na hapo ndicho cha kumwaga, pamoja na matunda yaliyo kwenye bakuli la meza hiyo. Asafishe mtu mmoja tu, ikiwezekana yule ambaye hana zamu ya jikoni siku hiyo. Avae glovu, au mifuko ya plastiki isiyotoboka mikononi kama glovu hazipo, na barakoa au kitambaa puani na mdomoni.

Usianze na deki. Hapa ndipo mlipoteleza zaidi. Dekio likipita juu ya matapishi hubeba virusi na kuvipaka sakafu nzima, na maji ya ndoo baada ya mzunguko wa kwanza huwa mchuzi wa virusi wenye harufu ya maua. Tandaza karatasi au matambara mazee juu ya matapishi yanyonye. Yamiminie polepole maji makali ya klorini (vipimo vinafuata), bila kurusha, uyaache dakika 10. Kisha zoa kuanzia pembeni kuelekea katikati, ili usipanue duara, tia kwenye mfuko, funga, uweke ndani ya mfuko wa pili na kutupa. Baada ya hapo ndipo uoshe kwa maji na sabuni, na mwisho upake klorini upya kwenye sakafu iliyokwisha kuwa safi. Mpangilio huu una sababu: klorini huishiwa nguvu inapokutana na uchafu. Ukiimwaga juu ya matapishi ukapangusa mara moja, yote imetumika kupambana na chakula kilichotapikwa na virusi wamebaki.

Usisafishe duara linaloonekana tu. Chukua angalau mita 2 kila upande, na uhesabu pia miguu ya viti, sehemu ya chini ya ukuta na mlango. Mashine ya kufyonza vumbi isiguse hapo, maana hupuliza tena hewani ilichokivuta. Zulia na sofa visivyovumilia klorini vioshwe kwa sabuni na maji ya moto, kisha vipigwe mvuke wa moto polepole, mahali pamoja kwa dakika kadhaa, si kwa kupitisha haraka kama anayepiga pasi.

Klorini tunayoizungumzia ni ile dawa ya maji ya kutoa madoa kwenye nguo nyeupe. Soma kibandiko: nyingi zina klorini ya asilimia 3.5 au 5, na tofauti hiyo hubadilisha kipimo. Utahitaji nguvu mbili. Ya kupangusia vitu vya kawaida ni asilimia 0.1: kwa dawa ya asilimia 5 unachukua sehemu 1 ya dawa na 49 za maji, kwa ya 3.5 ni sehemu 1 na 34. Asiyependa hesabu apime vijiko 2 vya mezani, yaani mililita 30, kwa kila lita moja ya maji; kipimo hicho kinafika kwa zote mbili. Ile kali ya kumiminia matapishi na kinyesi ni asilimia 0.5: sehemu 1 ya dawa ya asilimia 5 kwa 9 za maji, au 1 kwa 6 ikiwa ni ya 3.5. Tumia maji baridi, kwa kuwa ya moto hupunguza nguvu ya dawa na kutoa mvuke unaokereketa. Changanya ya siku hiyo tu, kesho mwaga iliyobaki. Hata chupa isiyochanganywa hupungua nguvu kadiri inavyokaa, hasa juani na penye joto. Iliyokaa kabatini mwaka mzima usiitegemee.

Popote unapopaka, pabaki pabichi kwa dakika 5 hadi 10. Kupaka na kukausha papo hapo ni kupoteza dawa. Baada ya hapo suuza, hasa vyuma, ambavyo klorini huvila, na meza au midoli ambayo mtoto ataweka mdomoni. Na tafadhali usichanganye klorini na dawa nyingine yoyote: si siki, si dawa ya tindikali ya kung'arishia choo, si chochote chenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa gesi inayochoma mapafu, na choo kidogo chenye mlango uliofungwa ndipo mahali pabaya pa kuligundua hilo. Wala klorini isipakwe mwilini, hata kidogo.

Vya kupanguswa mara mbili kwa siku, na kila baada ya mgonjwa kwenda choo, ni vile vinavyoguswa na mikono: kitasa cha mlango wa choo pande zote mbili, kitufe au mnyororo wa kuvutia maji, kiti cha choo juu na chini, koki, swichi ya taa, mpini wa friji, rimoti na simu. Simu haitaki maji ya klorini. Ipanguse kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa sabuni mara kadhaa, na kwa siku hizo isiingie chooni. Ukitazama vizuri, koki ndiyo hatari zaidi: huifungua kwa mkono mchafu, ukaifunga kwa mkono uliokwisha kunawa. Ifunge kwa kiwiko au kwa karatasi uliyokaushia mikono.

Kama nyumba ina vyoo viwili, kimoja kiwe cha mgonjwa. Kama ni kimoja, mgonjwa aoge mwisho, na kifuniko kifunikwe kabla ya kuvuta maji. Choo cha shimo sakafu yake imwagiwe klorini, na ndala za chooni zisiingie vyumbani. Miswaki ya familia itoke chooni kabisa. Mwaka 2010, msichana wa timu ya soka kutoka Oregon, Marekani, aliugulia chooni kwenye chumba cha hoteli, ambako palikuwa na mfuko wa vitafunio. Alisema hakuugusa. Wenzake waliokula vitafunio vile siku iliyofuata wakaugua, na virusi vya noro vikapatikana kwenye ubavu wa nje wa mfuko. Sasa fikiria mswaki uliosimama nusu mita kutoka kwenye choo.

Nguo na mashuka: usiyakung'ute, usiyakumbatie ukienda nayo kufuani. Kunja upande mchafu uingie ndani. Mabonge yadondoshwe chooni kwanza, bila kuyarushia maji ya bomba yakatawanya matone usoni kwako. Mashine iwekwe nyuzi 60 au zaidi, kwa mzunguko mrefu, bila kujaza pomoni, na nguo za wazima zifuliwe peke yake. Anayefua kwa mkono avae glovu, afue kwa sabuni na maji ya moto kadiri nguo inavyovumilia, na nyeupe aziloweke dakika 30 kwenye klorini ya asilimia 0.1. Zikauke kabisa juani, kisha pasi ya moto. Mkono unaofua nepi za mtoto unawe hata kama ulikuwa na glovu, kwa sababu glovu huvuliwa, na uchafu hushikwa katika kuvua.

Vyombo vya mgonjwa havihitaji kutengwa kabatini milele. Vioshwe mwisho, kwa maji ya moto na sabuni, na sifongo au kitambaa kilichotumika kichemshwe au kitupwe. Kinachopaswa kukoma mara moja ni kuonja kwa kijiko kimoja, kumalizia mabaki ya sahani ya mtoto, na kunywa kwenye kikombe chake. Akina mama wengi huugua kwa njia hii, nawe huenda ni mmoja wao.

Sasa uvujaji wa pili. Mgonjwa akiacha kutapika na kuhara, hesabu saa 48 kamili tangu mara ya mwisho. Ndani ya saa hizo haendi shule wala kazini, haogelei na wengine, hapiki, hakati matunda, hagawi chakula, na halishi mtoto mchanga ikiwa yupo mwingine wa kufanya hivyo. Mama anayenyonyesha aendelee kunyonyesha, ila anawe vizuri kabla. Baada ya saa 48 hatari hushuka sana lakini haiishi: virusi huendelea kutoka kwenye kinyesi kwa wiki mbili na wakati mwingine zaidi. Kwa hiyo kunawa baada ya choo na kabla ya kushika chakula kubaki kwa ukali ule ule kwa wiki mbili, na mtoto wa miaka sita asimamiwe, si kuulizwa tu "umenawa?" Jibu lake unalijua.

Kuhusu mumeo: kusalimika kwake hakumaanishi alikwepa virusi. Wapo watu ambao kwa kurithi hawashikwi na baadhi ya aina za virusi vya noro, na wapo wanaoambukizwa wasionyeshe dalili huku wakivitoa chooni kama wengine. Kumweka jikoni ulikuwa uamuzi sahihi kama ndivyo mlivyofanya, mradi naye anawe kama mgonjwa. Na nyinyi mliougua msidhani mmepata kinga ya kudumu. Aina ni nyingi na kinga hufifia; mtu huweza kuugua tena.

Mama mkwe ni sura ya pekee. Kwa mzee, kama ilivyo kwa mtoto mdogo, kinachoua ni kukauka maji, si virusi vyenyewe. Mgonjwa wa kwanza akipatikana nyumbani, bibi ahamishwe chumba, au aende kwa ndugu ikiwa bado hajakaa karibu na mgonjwa. Kama alishakaa naye, kumpeleka kwingine ni kupeleka ugonjwa kwingine. Abaki, ila chakula chake kiandaliwe na asiyemhudumia mgonjwa. Katika nyumba ya watu watano mgawanyo huo unawezekana: mmoja wa mgonjwa na choo, mmoja wa jiko na bibi.

Maji ya kunywa kwa mgonjwa ni ORS, yaani dawa ya pakiti yenye chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini. Pakiti ichanganywe na kiasi kile kile cha maji kilichoandikwa juu yake, si nusu pakiti kwa glasi ya kukadiria. Pakiti zisipokuwepo, tia katika lita 1 ya maji safi vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa mdomoni mwa kijiko. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto kuliko ikipungua. Onja, isiwe na chumvi kuliko machozi. Kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Akitapika, subiri dakika 10, kisha mpe kijiko kimoja cha chai kila dakika moja au mbili. Kinaonekana kidogo, lakini tumbo lililokasirika hupokea kijiko na kurudisha kikombe. Baada ya kila choo cha maji, mtoto wa chini ya miaka 2 apate mililita 50 hadi 100, na wa miaka 2 hadi 10 mililita 100 hadi 200. Soda na juisi tamu huvuta maji utumboni na kuongeza kuhara. Chakula kisizuiwe kwa anayekitaka. Watoto wadogo wanaoharisha hupewa pia zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa walio chini ya miezi 6.

Dawa ya kufunga tumbo asipewe mtoto, wala mtu mzima mwenye homa au damu kwenye choo. Antibiotiki haigusi virusi. Yapo mashambulizi ya bakteria ambapo inahitajika, lakini zipo pia aina za bakteria wa E. koli ambazo antibiotiki inaweza kuzidisha madhara yake kwenye figo, hivyo ya kubahatisha kutoka kabatini haifai.

Kituo cha afya ni mara moja mkiona hivi: damu kwenye choo, homa ya nyuzi 39 au zaidi, kila kinachonywewa kinarudi, matapishi ya kijani, macho yaliyodidimia, mtoto analia bila machozi au hajakojoa kwa saa 6 hadi 8, ngozi ya tumbo ikifinywa inarudi polepole, au mgonjwa amelegea na kusinzia ovyo. Mzee anayeanza kuchanganyikiwa au kuona kizunguzungu akisimama asisubiri asubuhi. Kuhara maji meupe kama yaliyooshea mchele, mengi na mfululizo, kuchukuliwe kuwa kipindupindu hadi ithibitike vinginevyo, na ORS ianze njiani.

Si kila kijidudu kina tabia za noro, lakini hatua nyingi ni zile zile. Shigela, inayoleta choo cha damu, nayo hupita mkononi kwa urahisi, kwani bakteria 10 hadi 100 wanaweza kutosha. Salmonela na kampilobakta, bakteria wengine wa kuharisha, hutoka zaidi jikoni: usioshe kuku mbichi kwenye sinki, maana matone yake huruka kwenye vyombo safi, ubao na kisu cha nyama visiguse kachumbari, kuku aive hadi nyuzi 70 katikati, supu ichemke. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2. Wali ndio mkorofi zaidi, maana mbegu za bakteria wake hustahimili kupikwa, huchipua wali ukipoa taratibu sufuriani, na sumu yao haiondoki kwa kupasha moto. Utandaze kwenye sinia upoe haraka, kisha friji.

Maji yenye shaka yachemke kwa mabubujiko makubwa dakika 1, au dakika 3 kwa wanaoishi juu ya mita 2,000. Klorini ya maji ya kunywa huua bakteria na virusi vingi, lakini vipo vimelea vya kuharisha ambavyo haviwezi: giadia huistahimili kwa kiasi na kriptosporidiamu huipuuza kabisa, hivyo kuchemsha ndiyo njia salama zaidi. Aliyeugua kriptosporidiamu asiingie bwawa la kuogelea kwa wiki mbili baada ya kupona, kwa sababu klorini ya bwawa haikiui kimelea hicho.

Virusi vya rota, ndugu wa karibu wa noro kwa tabia na mkali kwa watoto wachanga, vina chanjo ya matone ya mdomoni. Huanza kutolewa mapema, kwa kawaida kutoka wiki ya 6, na mtoto akichelewa sana hapewi tena. Kama kuna mchanga katika familia, angalieni kadi yake wiki hii. Kwa noro yenyewe hakuna chanjo ya kwenda kuiomba kliniki.

Kwa mara nyingine, tayarisheni ndoo yenye mfuniko na ndani yake muweke glovu jozi nne, barakoa, karatasi za kufutia, mifuko ya plastiki, kikombe cha kipimo, pakiti sita za ORS na chupa ya klorini isiyofunguliwa. Andikeni kwenye chupa tarehe ya kununua. Ikipita miezi sita tumieni hiyo kwa nguo nyeupe na kuweka mpya. Ndoo ikae mahali ambapo mumeo ataipata saa nane za usiku bila kukuamsha, kwa sababu safari ijayo mgonjwa wa kwanza unaweza kuwa wewe.